Mafuriko Uganda: maswali mnayotuuliza kila mara kuhusu msaada kwa watoto na familia

Mimi ni mmoja wa wanaojitolea hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, kila mito ya Rwenzori inapovunja kingo zake. Watu huniita mwandishi, maana daftari halinitoki mkononi: naandika nani amelala wapi, ana watoto wangapi, amepoteza nini, halafu namtafsiria yule asiyejua Lhukonzo, lugha ya hapa, wala Kiingereza. Wa namna hiyo ni wengi kuliko mnavyodhani. Kuna akina mama wa biashara wa Mpondwe, mpakani na Kongo, familia zilizovuka kutoka Kongo miaka mingi iliyopita, wazee waliostaafu jeshini, na madereva wa malori waliowapangia wake zao vyumba karibu na mto. Maswali yao hayabadiliki, kwa hiyo nimeyakusanya. Mifano yangu mingi ni ya Kasese kwa sababu ndiko niliko, ila utaratibu ni huo huo ukiwa Mbale, Bududa, Ntoroko au Katakwi.

Kwa nini ni sisi kila mwaka?

Sehemu nyingi mvua kubwa hunyesha mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Desemba. Lakini maji hayaji kwa namna moja kila mahali, na namna yalivyokuja ndiyo inayoamua msaada utakaohitaji.

Mlimani huja kwa kishindo. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka na mawe na magogo ukaupiga mji wa mgodi wa Kilembe, hospitali nayo ikiwemo. Ulirudi 2014. Mei 2020 ukarudi tena, safari hii pamoja na Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha, na hospitali ya Kilembe ikapigwa kwa mara nyingine. Wazee wa hapa hukumbusha kwamba mwaka 2012 moto uliunguza uoto wa juu mlimani, na mlima usio na majani haushiki maji. Upande wa mlima Elgon, mashariki, tope ndilo linaloua: kijiji cha Nametsi wilayani Bududa kilifukiwa tarehe 1 Machi 2010, Bukalasi ikapigwa Oktoba 2018, na Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Mbale mjini, mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuingia majumbani.

Teso, mashariki pia, ni habari nyingine. Kule ni tambarare, maji hayakimbii, yanakaa. Mwaka 2007 yalikaa hadi mihogo ikaozea ardhini, na Septemba serikali ikatangaza hali ya hatari. Na ziwani maji hupanda polepole kama mgeni asiyeaga: Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964 ya mita 13.41, na 2024 likajipita lenyewe.

Aliyepigwa na mto anahitaji blanketi usiku huo huo. Aliyezungukwa na maji ya Teso anahitaji mbegu na chakula cha miezi. Wa ziwani anahitaji pa kuhamia. Ukimpelekea kila mmoja mfuko ule ule wa posho (unga wa mahindi), umewakosa wawili kati ya watatu.

Nianzie kwa nani?

Kwa mwenyekiti wako wa LC1, yaani baraza la kijiji. Hata kama hamsalimiani. Yeye ndiye anayepeleka taarifa parishi, kisha gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya), na kutoka gombolola inafika kwenye kamati ya maafa ya wilaya. Wilaya ikizidiwa, inaandika kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, Kampala, ambako idara ya maafa ndiyo yenye maghala ya posho, maharage na maturubai. Shirika la Msalaba Mwekundu la Uganda lina watu wa kujitolea wilayani, na mara nyingi ndio wanaofika kwanza. UNICEF na mashirika mengine ya watoto hupitia wilaya, kwa hiyo usisubiri gari lao lisimame mlangoni kwako.

Kama mwenyekiti mwenyewe amehama au amefiwa, nenda kwa katibu wake, au kwa VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji. VHT anazijua nyumba zenye watoto wachanga kuliko mtu yeyote.

Orodha inaandikwaje, na mbona jirani amepata mimi sijapata?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nitakaa hapo kidogo.

Msaada unafuata orodha. Haufuati machozi, haufuati nani amepoteza zaidi. Lori likipakiwa Kampala linapakiwa kwa hesabu iliyotumwa siku ya pili au ya tatu, na aliyekosekana siku hizo anabaki nyuma ya wenzake. Kwa hiyo hata kama umempeleka mtoto hospitali, mwache mtu mzima mmoja wa familia mahali mnapoandikwa.

Taja kila mtoto kwa jina na umri. Usikubali mtu aandike "watoto 4" aendelee. Nasema hivi kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi. Tulikuwa chini ya mwembe, mvua inadondoka kupitia majani, nina kalamu ya wino na watu mia mbele yangu. Bibi mmoja akaniambia, "Nina wajukuu watano." Nikaandika 5. Siku ya kugawa, karatasi ilikuwa imelowa, ile 5 imevimba ikawa kama 3, na neti zikatoka kwa hesabu ya watatu. Ningeandika majina matano, hata wino ukiyeyuka, mistari mitano ingebaki. Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa mwandishi, niwaambie yupi na yupi walale nje ya neti?" Tangu siku hiyo naandika kwa penseli, na naandika majina.

Mambo mengine ya kutaja bila kungoja kuulizwa: mwenye mimba, anayenyonyesha, mtoto mlemavu, mtoto mwenye selimundu au kifafa, mtu anayetumia dawa kila siku ambazo zimekwenda na maji. Na ukiona familia mbili zimeandikwa nyumba moja, sema. Kijana aliyeoa na kukaa kwenye ua wa baba yake ana kaya yake. Mke wa pili vilevile. Mara nyingi yeye na watoto wake wanahesabiwa chini ya jina la mume, halafu mfuko mmoja unakwenda nyumba kubwa.

Mwisho wa kuandikwa, omba usomewe mstari wako. Hata asiyejua kusoma ana haki ya kusomewa.

Kitambulisho changu kimekwenda na maji. Nitaandikwa?

Utaandikwa. Mwenyekiti wa LC1 na majirani wawili wakisema "tunamjua", inatosha kwa msaada wa siku za kwanza. Mambo yakitulia, pata ripoti ya polisi ya kupotelewa, kisha uende NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto pia ni kazi ya NIRA. Kadi ya chanjo ikipotea, kituo cha afya ulikochanjia huwa na kitabu cha kumbukumbu, nenda uombe wakunakilie.

Mimi nilitoka Kongo. Watanifukuza kwenye mstari?

Hawapaswi. Anayepimwa ni aliyepigwa na maji, na mtoto haulizwi uraia kabla ya kupewa maji ya kunywa. Kama una kadi ya mkimbizi, njoo nayo; mambo ya wakimbizi pia yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kama huna karatasi yoyote, sema ukweli wako unapokaa na umekaa muda gani. Wanaopata shida ni wale wanaojibadilisha majina ili waonekane wa hapa. Siku ya kugawa jina linaitwa, mwenyewe amelisahau.

Sikukimbilia kambini. Nimehifadhiwa kwa dada yangu. Nahesabiwa?

Unahesabiwa, lakini itabidi ujitokeze. Macho ya wageni huenda kambini kwa kuwa ndiko kamera zinakoweza kuona watu wengi kwa mara moja. Familia iliyolala sebuleni kwa shemeji haionekani. Na kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayoumia kimyakimya, kwa sababu chungu kilichokuwa cha watu sita sasa kinawalisha kumi na nne, na wiki ya tatu dada anaanza kuhesabu vijiko.

Mwambie mwenyekiti wa pale ulipofikia, siyo wa kijiji ulichokimbia peke yake. Na aliyekupokea naye aandikwe kama mpokeaji. Yapo mashirika yanayowapa wapokeaji sabuni, chakula au vyombo, lakini yakiuliza "kuna wapokeaji wangapi?" na hakuna jibu, hayaji.

Ndani ya ule mfuko mna nini?

Hutofautiana, ila mara nyingi ni turubai, blanketi, mkeka, sufuria na sahani, jerikeni, sabuni, neti, pengine ndoo. Posho na maharage huja kivyake. Mabati, kama yatakuja, huja baadaye sana.

Turubai lifunge kwa kamba kwenye zile tundu za pembeni au pembe zilizoimarishwa. Usilipige misumari katikati, litapasuka kwa upepo wa kwanza. Acha mteremko maji yashuke, na chimba mfereji kuizunguka sehemu mnayolala.

Watu huniuliza kama ni kosa kuuza kilo mbili za posho. Wagawaji wengi watakukemea. Mimi siwezi. Mama akiwa na posho bila kuni, bila chumvi, bila mafuta, atauza kidogo ili apike iliyobaki. Neti ya mtoto ndiyo ninayokusihi usiuze: maji yakishapungua, madimbwi yanabaki, na wiki chache baadaye malaria hupanda.

Nimeambiwa nitoe kitu kidogo ili jina langu liingie.

Msaada ni bure. Kuandikwa ni bure, kubebewa turubai kutoka kwenye lori ni bure. Anayekudai pesa, au anayemwambia binti yako aje jioni "kuchukua sabuni yake", anavunja sheria, awe na fulana ya shirika gani, awe kiongozi wa nani. Ripoti polisi, kwenye kitengo cha familia na watoto, au piga 116. Hiyo ni namba ya Sauti, ya kulinda watoto, na haikatwi pesa. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Ninajua watu wanaogopa kwamba wakisema watafutwa kwenye orodha. Ndiyo maana nasema mpigie mtu aliye mbali na orodha.

Tumempata mtoto hana mtu. Tufanye nini?

Mwanzoni mkae naye pale pale mlipompata, kama ni salama, maana mzazi hurudi alipomwachia. Mpe maji, mfunike, na mtu mmoja tu aongee naye. Kisha mjulisheni mwenyekiti, polisi, na CDO (afisa maendeleo ya jamii) wa gombolola. Wilayani kuna afisa wa probesheni na ustawi wa jamii ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kuamua mtoto akae wapi kwa muda. Msalaba Mwekundu wana kazi maalumu ya kutafuta ndugu waliopoteana.

Andika alivyovaa siku hiyo kabla hamjambadilisha nguo. Hili linasahaulika sana. Mtoto wa miaka mitatu ukimuuliza mama yako anaitwa nani atakujibu "Mama". Ukimuuliza kwenu wapi atakuonyesha kidole mlimani. Lakini sweta ya kijani yenye kifungo kimoja chekundu, mama aliyemfunga kile kifungo anaijua hata gizani. Andika pia anaongea lugha gani, anaimba wimbo gani, kuku wao wana rangi gani. Watoto hukumbuka wanyama kuliko majina ya watu.

Usitume kwenye makundi ya WhatsApp picha yake, jina lake na mahali alipo. Wanaosoma siyo wote ndugu. Na msikimbilie kumpeleka kwenye nyumba ya yatima, hata kama mwenye nyumba hiyo amekuja na gari zuri na biskuti. Utaratibu wa Uganda ni kumtafutia kwanza ndugu, kisha familia ya kumlea. Taasisi ni ya mwisho kabisa. Wengi wa hawa watoto wana shangazi kilima cha pili.

Kwa wazazi: mfundishe mtoto jina lake lote, jina la kijiji, na namba moja ya simu. Akishindwa, ishone namba kwenye pindo la nguo.

Maji ya mto yametulia, yanaonekana safi. Tunywe?

Hapana. Vyoo vya bonde zima vimeingia humo. Yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha yachemshe hadi yatokote vizuri, au tumia vidonge vya kutibu maji kwa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kungoja dakika zilizotajwa. Ladha ya klorini watoto huikataa. Yaache maji yakae wazi kwa muda kwenye chombo safi chenye kitambaa juu, harufu itapungua.

Chini ya Kilembe kuna jambo la ziada. Mgodi wa shaba uliacha malundo ya mabaki ya madini kando ya Nyamwamba, na kila mafuriko huyamega. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi madini. Maji ya kunywa yatafute kwenye bomba, chemchemi iliyojengewa au lori la maji, ya mto yawe ya kufulia matope.

Kipimo ambacho mashirika hufuata ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Kama kambini kwenu mnapata jerikeni moja ya lita 20 kwa watu sita, mna haki ya kulisema hilo kwenye mkutano, kwa tarakimu hizo hizo. Tarakimu husikilizwa. Na jerikeni iliyowahi kubeba dawa ya kunyunyizia pamba au kahawa isiingie maji ya kunywa hata ukiiosha mara kumi.

Mtoto anaharisha.

Anza na ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) sasa hivi, usingoje asubuhi. Pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi uendelee polepole. Huna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, visijae kupita kingo. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo afadhali ipungue. Kituo cha afya au VHT atakupa zinki: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, 10 kwa mdogo zaidi, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekwisha. Endelea kumnyonyesha, endelea kumlisha.

Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele na kinamwagika bila kukoma, hiyo inaweza kuwa kipindupindu. Usikae nyumbani kupika dawa ya majani. Mbebe, ukimpa ORS njiani. Nenda pia haraka ukiona macho yameingia ndani, mkojo umekatika, au mtoto amelegea na hataki kunywa.

Maziwa yangu yamekauka kwa hofu. Naweza kupewa ya kopo?

Mama, maziwa hayakauki kwa hofu. Mshtuko unaweza kuyafanya yachelewe kutoka, na kinachoyarudisha ni mtoto kunyonya, tena na tena, usiku na mchana, na wewe ukiwa umekaa mahali penye faragha na kikombe cha uji. Kambini kopo ni hatari kwa sababu ya maji, chupa na moto wa kuchemshia, ambavyo havipo. Yuko mtoto ambaye kweli anahitaji maziwa mbadala, kwa mfano aliyefiwa na mama; huyo apangiwe na mhudumu wa afya. Wachangiaji, tafadhali msilete makatoni ya maziwa ya unga mkayagawe kwa kila mwenye mtoto.

Ule utepe wa kupimia mkono unasema nini?

Unapima unene wa mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni njano, wa kuangaliwa. Miguu ikivimba na ukibonyeza kidole shimo linabaki, mpeleke hata kama utepe umesema kijani. Ile pakiti ya siagi ya karanga anayopewa ni dawa yake. Ndugu zake watalia, na utashawishika kuigawa. Wapikie wao kitu kingine, hata kama ni posho tupu.

Watoto watarudi lini shule?

Mara nyingi shule yenyewe ndiyo kambi, watu wamelala madarasani, kwa hiyo hakuna anayerudi mpaka kupatikane mahema. Wazazi wa darasa la saba wasikae kusubiri: nendeni kwa mwalimu mkuu mhakikishe mtoto bado yumo kwenye usajili wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hasa kama mmehamia wilaya nyingine. Sare siyo sababu ya kumzuia mtoto asiingie darasani baada ya mafuriko. Mwalimu akimrudisha, mwone CDO.

Tangu usiku ule mwanangu haongei, na akisikia mvua anajikojolea.

Hajarogwa, wala hajawa mtukutu. Mwili wake bado uko kwenye usiku ule. Nimemwona kijana wa miaka tisa anayelala na viatu. Mama yake alimvua kila usiku, na kila usiku akamkuta amevivaa tena, kamba zimefungwa fundo mbili. Nilimwambia amwache. Ikawa wiki ya tano, jioni moja, mwenyewe akaviweka kando ya mkeka, karibu na mkono.

Kinachosaidia ni vitu vidogo vinavyorudi kila siku kwa saa ile ile: kuoga, kula, hadithi, kazi ndogo ya nyumbani. Jibu maswali yake kwa ukweli mfupi; kama babu amefariki, usimwambie amesafiri, atamsubiri barabarani. Usimchape kwa kukojoa. Mashirika ya watoto hufungua mahali pa kuchezea kambini, mpeleke, hata kama siku za kwanza atakaa tu anatazama. Wiki kadhaa zikipita na hali haibadiliki, au anaongea juu ya kufa, mpeleke kituo cha afya uombe kuelekezwa kwa wa afya ya akili.

Na wasichana?

Waulizwe wao. Pedi, chupi, beseni la kufulia ambalo halitumiki kwa vyombo, mlango wa choo unaofungwa kwa ndani, taa njiani. Kila kambi niliyoiona imeanza na vyoo visivyo na komeo, na kila mara ni msichana aliyelazimika kusema. Ninaona aibu kwa hilo.

Wanasema watatuma pesa kwa simu. Ni kweli?

Yapo mashirika yanayofanya hivyo, na kwa maoni yangu soko likiwa wazi pesa ni bora kuliko mfuko. Shida ni laini. Laini husajiliwa kwa kitambulisho, na akina mama wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume au kaka. Pesa ikiingia, mwenye jina ndiye mwenye pesa. Sema mapema unapoandikwa. Na hakuna shirika litakalokupigia kukuomba namba ya siri.

Turudi kwenye kiwanja chetu au tuhame?

Sitakujibu hili kwa niaba yako, nitakueleza niliyoyaona. Watu wa Bududa walihamishiwa Kiryandongo baada ya 2010, na baadaye wengine Bunambutye kule Bulambuli. Wapo waliokaa, wapo waliorudi mlimani kwa sababu kahawa yao, makaburi yao na wakwe zao wako kule. Hapa Kasese, familia za 2020 zilikaa kambi ya Muhokya miaka, zikizaa watoto ambao nyumba pekee waliyoijua ni turubai.

Kabla ya kuhama uliza mambo matatu: ardhi hiyo itaandikwa kwa jina la nani, shule na kituo cha afya viko umbali gani, na kuna maji? Kabla ya kurudi, tazama mawe makubwa mapya yako upande gani wa nyumba yako. Mto uliopita hapo mara moja unaijua njia. Na usiuze kiwanja cha zamani kwa mtu anayekuja wiki ya kwanza na pesa taslimu.

Niko Kampala, nataka kuchangia. Nilete nini?

Piga simu gombolola kwanza. Pesa kupitia shirika linalojulikana hufika haraka kuliko lori. Ukileta vitu, leta sabuni, chupi mpya za watoto, pedi, blanketi, sufuria zenye vifuniko, mapanga na majembe. Nguo za mitumba zinatosha na kuzidi. Niliwahi kufungua gunia la msaada nikakuta viatu vya harusi, vyeupe, vya kisigino kirefu, na nje tope lilikuwa linafika magotini. Tulicheka mpaka tukalia, basi hata hilo lilikuwa msaada.

Picha za watoto uchi au wanaolia, acha.

Mvua inarudi. Nijue vipi kwamba ni usiku wa kukimbia?

Fuatilia utabiri wa hali ya hewa redioni, lakini utazame na mto. Ukigeuka rangi ghafla na kuleta majani na matawi mabichi, huko juu pameporomoka. Ukisikia ngurumo isiyoisha kama lori linalopanda, hayo ni mawe yanayoviringika. Na hatari kubwa kuliko zote: mvua inaendelea, lakini mto unapungua. Watu hufurahi. Maana yake magogo yameuziba juu, na yakiachia, yote yanashuka kwa pamoja. Hapo chukua watoto, panda juu pembeni mwa bonde, usifuate barabara inayoshuka na mto. Usivuke maji yaendayo kasi hata yakifika chini ya goti.

Karatasi zote zikae kwenye mfuko mmoja wa nailoni uliofungwa, mahali mkono unapopafikia gizani.

Orodha imeshafungwa na mimi simo. Basi tena?

Bado. Orodha hufungwa kwa awamu, na awamu ya pili huwapo karibu kila mara. Nenda na mwenyekiti hadi gombolola, muombe CDO orodha ya nyongeza, taja tarehe nyumba ilipokwenda, taja watoto kwa majina, na uondoke na jina la aliyekuandika pamoja na siku aliyokuandika. Wiki ikipita kimya, rudi. Ukikuta ni mimi niliye zamu, penseli ninayo.